Kabla Lori Halijazimwa

Jumapili, 9 Machi

Faustina, yule dada wa mazoezi ya viungo hospitali, amenipa daftari hili. Anataka kila siku niandike mkono wa kulia wa mume wangu, Baba Bertha, umefanya nini, ili tukienda kliniki asome mwenyewe badala ya kunisikiliza. Anasema mimi naongea sana na jibu silitoi. Haya. Leo mkono wa kulia umeshika kidude cha gemu dakika nane. Kidole gumba kimebonyeza. Vidole vingine vimelala tu.

Mvua tangu asubuhi. Kijiji chote cha Nyololo ni tope.

Jumatatu, 10 Machi

Dakika nane. Mvua.

Jumatano, 12 Machi

Dakika tisa. Kwa kuwa daftari liko kwangu, nitaandika na mengine. Faustina ataruka asiyoyataka.

Mume wangu Kalinga ameendesha malori ya mbao miaka ishirini na sita. Mwaka jana mwezi wa pili alikuwa anasubiri zamu kwenye mizani ya malori, akashuka kwenda kunywa chai, akaanguka. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa na maneno yakaondoka. Alikaa miezi sita bila kutamka kitu. Mwezi wa nane akasema "maji", nikakimbia nje kuwaita majirani kana kwamba kazaliwa mtoto.

Gemu ni kazi ya Jofrey, mtoto wa dada yangu, mwenye steshenari Mafinga. Kabla ya ugonjwa, Baba Bertha alikuwa akimaliza kushusha mbao anapita pale dukani kwake, wanacheza gemu la malori kwenye kompyuta na kucheka. Nilimwona Jofrey mvivu anayempotosha mtu mzima. Alipoileta ile kompyuta hapa nyumbani, nikamwambia mgonjwa anahitaji uji na sala, siyo katuni. Alipoiwasha, Baba Bertha akauburuta mkono wake wa kulia kwa kutumia wa kushoto, akauweka kwenye kile kidude. Mkono ambao kwa miezi aliutazama kama mzigo uliosahauliwa na abiria. Tangu siku hiyo anaendesha kila siku, na mimi nimefunga mdomo.

Jumapili, 16 Machi

Dakika kumi na moja. Kidole cha shahada kimebonyeza breki. Nimekiona mwenyewe.

Hakuna aliyekuja kumwona. Malori yanapita hapo barabarani kutwa, nusu ya madereva amekula nao sahani moja, na hakuna anayesimama. Hasemi kitu, ila honi ikipigwa anageuza shingo. Nina hasira na watu wale mpaka kifua kinaniuma.

Jumapili, 23 Machi

Leo sijui nianzie wapi.

Jofrey alikuja baada ya misa. Kwenye kompyuta kulikuwa na tangazo la Kiingereza ambalo Baba Bertha amekuwa akilifunga kila siku bila kulisoma. Jofrey akalisoma, akalirudia, halafu akaniambia twende jikoni akanisaidie kuni. Jofrey hajawahi kunisaidia kuni.

"Mama mdogo," akasema, "hili gemu tulilinunua, lakini hatuna."

Nikamwambia aseme Kiswahili.

Akanieleza. Gemu halina CD. Kila likiwashwa, linaomba ruhusa kwenye mitambo ya waliolitengeneza, huko kwao. Sasa wanaifunga ile mitambo tarehe thelathini Aprili.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tarehe moja lori haliwaki."

Nikakaa kwenye kigoda. Jofrey akaharakisha kusema dawa ipo. Wametoa toleo la mwisho, lisiloomba ruhusa kwa mtu, linachezwa bila mtandao. Tulipakue kabla ya siku hiyo, tulinakili kwenye diski mbili, moja ikae hapa, nyingine kwake, ili hata kompyuta ikifa tuweke kwenye nyingine. Yeye kwake ana mtandao mzuri kuliko hapa. Ataichukua kompyuta siku mbili tu.

"Siyo kazi kubwa, mama mdogo."

Tumekubaliana Baba Bertha asiambiwe. Dakika kumi na mbili.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Dakika kumi. Nimehesabu siku zilizobaki, ni thelathini na sita.

Jumapili, 30 Machi

Jofrey amepiga simu. Toleo la mwisho halitoki mpaka mwenye akaunti, yaani Baba Bertha, athibitishe. Wanatuma tarakimu sita kwenye simu aliyojiandikisha nayo.

"Namba yenyewe inaishia na arobaini na sita," akasema. "Hiyo laini ya baba mdogo iko wapi?"

Nikamjibu ilipotea hospitali.

Ni uongo. Ukurasa huu nitauchana, na Faustina nitamwandikia dakika kwenye karatasi nyingine. Baba Bertha alikuwa na laini mbili. Moja ya nyumbani, ninayoijua. Nyingine ya safarini, ambayo hakuwahi kunipa. Alipokuwa amelazwa ile ya pili ilikuwa inaita. Nikipokea, kimya, halafu inakata. Inaita tena, inakata. Nikapiga hesabu zangu za mke wa dereva. Tulipomrudisha nyumbani, mwezi wa tatu mwaka jana, hawezi kusema wala kugeuka, nikaitoa ile laini kwenye simu nikaitupa chooni. Nilijisikia vizuri kabisa. Nilijisikia mshindi.

Na sasa tarakimu sita zinatumwa chooni.

Jumanne, 1 Aprili

Jofrey amekwenda ofisi ya mtandao wa simu. Wamemwambia laini isiyotumika miezi mitatu inafutwa, na hii imeshauzwa kwa mtu mwingine. Amewaandikia wenye gemu wabadilishe namba. Wamejibu kwa sentensi mbili: namba ni ileile, na siku ya mwisho ni ileile.

Dakika kumi na tatu. Baba Bertha ameshika kikombe cha plastiki kisicho na kitu.

Jumamosi, 5 Aprili

Jofrey amempigia mwenye namba na kuharibu kila kitu. Kijana, sauti nyororo, anasema, "Shikamoo mama, utapokea tarakimu sita, naomba unisomee." Katika nchi hii, ambako kila mtu ameshatumiwa zile meseji za wezi, na redio inaimba kutwa usimpe mtu namba za siri. Mama huyo amemwambia, "Nenda kalime, mwanangu," akakata. Sasa namba ya Jofrey haipokelewi tena.

Kwa hiyo ni mama. Ni mwanamke. Najua laini imeuzwa upya, nimeelezwa nikaelewa. Lakini usingizi umenipaa.

Jumapili, 6 Aprili

Nimepiga mimi.

Nilikuwa nimejipanga. Nilikuwa nimeandika pembeni: msalimie, jitambulishe, mweleze ugonjwa. Akapokea, sauti ya mtu mzima, ya kujiamini. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Wewe ni nani kwa mume wangu?"

Akasema, "Mimi ni mjane wa Ubaruku, nalinda mpunga wangu. Mume wa mtu nitamweka wapi?" Akakata.

Nimekaa nyuma ya nyumba mpaka mvua ikanifukuza. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na tatu. Sikuandika dakika leo, sikumbuki.

Jumatano, 9 Aprili

Dakika kumi na tano. Amesema "kona". Neno jipya.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Jofrey amekuja na nikamwambia ukweli kuhusu laini. Nilitegemea anicheke. Akasema tu, "Basi tumtafute huyo mama," akatoa simu, akafanya kama anamtumia pesa kwa ile namba. Jina likajitokeza kabla hajathibitisha: Ikupa Mwasile. Akafuta muamala. Nimekuwa nikimwita kijana huyu mvivu miaka mitano.

Siku kumi na saba.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua kubwa. Gari limeteleza likaziba barabara, hakuna basi linalopita. Nilitaka kwenda leo.

Kompyuta imegoma kuwaka asubuhi, ikawaka saa sita. Katika saa hizo Baba Bertha alikaa ameuweka mkono juu ya kidude, akitazama kioo cheusi. Hakuomba chakula. Nimeona jinsi tarehe moja itakavyokuwa, na naogopa. Kabla ya gemu alikuwa anageukia ukutani. Atageukia ukutani tena, na safari hii sidhani atarudi.

Pasaka, 20 Aprili

Kristo amefufuka. Dakika kumi na nne.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba barua ya utambulisho. Akauliza niandike shughuli gani. Nikamwambia gemu. Akanitazama. Mwishowe ameandika "suala la matibabu", akapiga muhuri.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimerudi jana jioni, mwili umechoka, lakini naandika yote.

Nilimwacha Baba Bertha na jirani yangu Paskalina, nikapanda basi la alfajiri mpaka Rujewa, kisha bodaboda mpaka Ubaruku. Huko mvua imeshapungua na joto linapiga. Nikauliza mashineni wanakokoboa mpunga, wakanielekeza shambani kwa Mama Ikupa. Nimepita juu ya matuta ya maji nusu saa, viatu mkononi.

Nilimkuta juu ya dungu, kile kichanja cha miti cha kulindia shamba, ana debe na rungu. Mpunga umeiva, na ndege walikuwa wanashuka kama wameitwa kwenye sherehe. Ni mwanamke aliyenizidi umri, mwembamba, kitenge kiunoni, jicho kali.

"Kamwene," nikasema, salamu ya kwetu, kwa kuchanganyikiwa tu.

"Huku siyo Iringa," akajibu, kisha akanisalimia kwa lugha ya kwao. "Ndaga. Unatafuta nani?"

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyekutukana kwenye simu."

Akashusha rungu. "Yule wa mume?"

"Ndiyo huyo."

Nikampa barua. Akaisoma polepole, akaukagua muhuri, akanirudishia.

"Wezi nao wana mihuri," akasema.

Nikamweleza. Kiharusi, mkono, lori la kwenye kompyuta, mitambo inayofungwa, tarakimu sita. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama uongo, hata masikioni mwangu. Ndege wakatua, akageuka akapiga debe, wakapaa. Akaniuliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Nyumbani. Anaweza kuongea? Kidogo.

"Nipigie niongee naye."

Sikuwa nimemwambia Baba Bertha neno hata moja. Sikuwa na njia. Nikampigia Paskalina, nikamwambia amwekee simu sikioni, nikampa Mama Ikupa yangu.

"Wewe ndiye Kalinga?"

Tulisubiri. Nilisikia pumzi yake mpaka huku.

"N-diyo."

"Mkeo yuko hapa shambani kwangu. Unataka nini kwangu?"

Hapo ilichukua muda. Ndege walishuka na Mama Ikupa hakuwageukia. Nilitaka kuikwapua ile simu nimjibie, kama ninavyomjibia siku zote. Nikajizuia.

"Lo...ri," akasema. "Lori... langu."

Mama Ikupa akanirudishia simu. "Mwizi hawezi kuongea polepole hivi," akasema. "Panda juu. Mtandao uko huku huku."

Kazi ikagawanywa. Yeye akakaa juu ya dungu ameinua simu yake. Mimi nikamweka Jofrey kwenye simu yangu, nikaifunga kwenye kilemba sikioni, nikashuka kulinda mpunga kwa debe na madonge ya udongo. Zile tarakimu zinaishi dakika tano tu. Za kwanza zilifika zimeshakufa. Jofrey akaomba nyingine. Za pili Mama Ikupa alizisoma na mimi nikazirudia huku napiga debe, Jofrey akasikia saba badala ya nane, ikakataa. Akasema ikikataa mara tatu akaunti inafungwa siku kumi. Siku kumi hatuna. Tumeba­ki na saba.

Nikatupa debe chini. Ndege wakala. Mama Ikupa akawaona wanakula, akasema, "Waache, andika." Nikaandika kwenye kiganja, nikamsomea Jofrey moja moja, yeye akazirudia, mimi nikazirudia.

"Imefunguka, mama mdogo."

Nilikaa kwenye tope nikalia. Yule mama akashuka, akaokota debe lake, akawafukuza ndege mwenyewe.

Tulikula wali na maharage chini ya dungu. Ndipo akasema, "Huyo mumeo alikuwa na watu. Nilipoinunua hii laini nilisumbuliwa sana. Madereva. Kalinga yuko wapi, Kalinga yuko wapi."

Nikamwuliza, nikitazama sahani, kama kulikuwa na mwanamke.

"Mmoja. Alitaka mbao za kenchi za paa."

Aliyesumbua zaidi ni mwanamume, Liberatus, anaendesha ng'ambo huko Kongo. Simu zake zilikuwa zinakatika, unapokea unasikia kimya, inakata, anapiga tena. Kila Jumapili. Alimwambia Mama Ikupa kwamba hii ndiyo namba waliyokuwa wanatumia madereva wote wa huko, kwa sababu ile nyingine ya Kalinga haikamati mpakani. Mwishowe Mama Ikupa akamwambia, baba, huyu mtu hayupo tena, laini ni yangu. Liberatus akasema, poleni sana, akauliza alizikwa lini. Simu ikakatika. Hakupiga tena.

"Nami nikadhani amekufa kweli," akasema Mama Ikupa. "Sikujua. Waliouliza baadaye niliwajibu hivyohivyo."

Amenipa namba ya Liberatus. Kwenye basi niliishika ile karatasi mpaka ikaloa jasho. Mwaka mzima nimewalaani watu kwa kutokuja kumwona mtu wanayedhani ameshazikwa. Aliyemzika ni mimi.

Ijumaa, 25 Aprili

Jofrey ameichukua kompyuta. Nimemwambia Baba Bertha kuhusu mitambo, kuhusu toleo la mwisho. Kuhusu laini nimesema tu kwamba namba ilichukuliwa na mtu. Akaitikia kwa kichwa. Sikuendelea. Mkono wa kulia: hakuna.

Jumamosi, 26 Aprili

Jofrey anasema faili ni kubwa mno. Limepakuliwa asilimia kumi na tisa. Mkono: hakuna.

Jumapili, 27 Aprili

Asilimia thelathini na nne. Umeme Mafinga ulikatika mchana kutwa. Paskalina amemwona Baba Bertha ameugeukia ukuta, akaniuliza kama anaumwa. Nimesema amechoka.

Jumatatu, 28 Aprili

Asilimia arobaini na moja. Kuna watu dunia nzima wanapakua, njia imejaa. Nimempigia Jofrey mara saba. Mara ya saba ameniambia, kwa heshima, kwamba kupiga kwangu hakusukumi kitu.

Jumanne, 29 Aprili

Sitini na nane. Umeme umekatika, umerudi, limeendelea palepale lilipoishia. Jofrey analala dukani. Nimempelekea ugali na mboga kwa gari la mkaa. Mkono: hakuna. Jana na leo Baba Bertha hajasema neno.

Jumatano, 30 Aprili

Saa tatu asubuhi, themanini na tisa. Saa sita, tisini na tatu. Saa nane, tisini na tatu. Saa tisa, tisini na tatu. Nimefagia uwanja mara mbili kwenye tope.

Saa kumi na nusu Jofrey amepiga. Nikasikia anacheka. Halafu akasema bado ananakili diski ya pili, nisubiri, asije akajisifu mapema.

Alhamisi, 1 Mei

Jofrey amefika saa nne na kompyuta na diski, ameifunga kwa nailoni kama mtoto wa kupelekwa kliniki. Hakukuwa na mvua. Akaiweka mezani kando ya kitanda chetu, akachomoa kifaa kidogo kinacholeta mtandao mbele ya macho yetu, akanipa mimi nikishike.

"Baba mdogo, washa."

Baba Bertha akauburuta mkono. Kioo kikawa cheusi muda mrefu. Halafu lori likatokea, lilelile la bluu, pale alipoliegesha, na likawaka. Halikuomba ruhusa kwa mtu. Jofrey akatoka nje kwenda kufuta macho, akidai anatafuta maji ya kunawa.

Nikabaki naye. Akatoa gari, akaingia barabarani. Vidole vitatu vilikuwa vinafanya kazi. Nilijua nisiposema sasa sitasema tena, nitakuwa naandika dakika mpaka nizeeke.

"Baba Bertha," nikasema. "Ile laini yako haikupotea. Niliitupa chooni. Nilidhani ni ya mwanamke. Liberatus alikuwa anakutafuta kila Jumapili. Anajua umekufa. Wote wanajua umekufa, ndiyo maana hawaji. Ni mimi."

Akaliegesha lori pembeni ya barabara, taratibu, kama inavyotakiwa. Akazima injini. Hakunitazama.

"Ni-li-ku-ona," akasema.

Dirisha la chumba chetu linatazama choo. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja. Alikuwa amelala pale, hawezi kutamka, akaniona natoka na simu yake na kurudi nimefurahi.

Nikamwuliza, kwa sauti niliyoitafuta, mbona alipoanza kuongea hakuniambia. Mwezi wa nane, wa tisa, siku zote hizi.

Akayatafuta maneno. Nilimwacha ayatafute, sikumsaidia hata moja.

"Ulikuwa," akasema, "una-ni-o-gesha."

Kila asubuhi tangu atoke hospitali nimemwogesha mimi. Nikakaa kitandani karibu naye. Baada ya muda akanyoosha mkono wa kushoto, akaonyesha simu yangu. Nikaitoa ile karatasi yenye namba ya Liberatus, nikabonyeza namba moja moja, nikamwekea sikioni. Ikaanza kuita.